Bibo64 Hachoki

Dakika kumi na mbili. Bilali alizihesabu kwa saa ya ukutani, na saa ile aliitengeneza mwenyewe, haidanganyi. Ndani ya dakika kumi na mbili Bibo64 alikuwa amejibu michezo yote thelathini.

"Huyo si mtu," alisema, akaweka bisibisi mezani. "Mbaruku, huyo ni kompyuta."

Simu ya Mbaruku ilishapona tangu Jumatatu, ila mwenyewe bado hajabanduka kwenye benchi la fundi. Akachungulia, mdomo umejaa karanga. "Labda ana haraka zake."

"Haraka gani? Hii ni chesi ya kutumiana mtandaoni, bwana. Ukisogeza kete, mwenzio ana siku saba za kufikiri. Mimi mchezo mmoja naulalia, nauamkia, naingia nao chooni. Yeye wiki nzima kimya kama kaburi, ikifika Alhamisi, pwa, pwa, pwa, thelathini. Na hakosei!"

Michezo hiyo thelathini aliitaka mwenyewe. Walianza na mchezo mmoja, Bilali akaona atege mtego: binadamu ukimbebesha michezo thelathini kwa mpigo, lazima achanganyikiwe. Bibo64 aliikubali yote. Aliyechanganyikiwa ni Bilali, hadi juzi mteja mmoja kutoka kijiji cha Chiola kaondoka na simu yenye mfuniko wa mwenziwe. Na ligi ya mkoa ilihesabu pointi za michezo yote. Nafasi ya kwenda Dodoma ilikuwa moja, wanaoigombea wamebaki wawili, na Bilali alikuwa anazama kila mahali isipokuwa mchezo wa kumi na nne.

Mwisho wa kupokea malalamiko ya udanganyifu ulikuwa kesho yake, Ijumaa, saa sita mchana. Ya kwake alishayaandika kwenye simu. Kilichokosekana ni ushahidi.

Kwenye orodha ya ligi Bibo64 alijiandikisha kama Domitila, wa Matambarale. Bilali akacheka peke yake. Domitila wapi! Kuna kijana kajificha huko na mashine. Akafunga kibanda, akapanda pikipiki kuelekea Matambarale, wilayani Ruangwa.

Alasiri, baada ya kuulizauliza njiani, alipiga hodi kwenye boma lililozungukwa na mikorosho. Wanawake saba walikuwa wamekaa chini wanakonyoa korosho kwenye mabibo, vidole vinang’aa kwa maji ya matunda hayo.

"Mimi fundi simu, napita majumbani," alidanganya. "Shikamooni mama zangu. Hapa hakuna kompyuta mbovu?"

"Marahaba. Kompyuta?" Bibi mmoja aligeukia wenzake, akasema neno la Kimwera, wakaangua kicheko. Mwanamke wa makamo, kitambaa cha njano kichwani, akachomoa kwenye kanga kisimu kilichopasuka kioo. "Kompyuta hatuna. Tuna hiki, na nimekichaji leo gulioni. Mtandao wenyewe uko hukohuko gulioni, hapa nyumbani ni tochi tu."

Bilali alikigeuzageuza. Hakuna kitu. Ndipo macho yakamwangukia nyuma yao. Mifuko mitupu ya salfa, dawa ya mikorosho, ilipasuliwa ikatandazwa ardhini safu kwa safu, kila mmoja umechorwa vyumba sitini na nne kwa mkaa. Mbaazi ndizo askari. Korosho ghafi ndizo kete kubwa, zimechanjwa alama kwa kisu. Wafalme walikuwa vifuniko vya soda. Mifuko thelathini. Wa kumi na nne aliutambua haraka kama mtu anavyoitambua suruali yake kwenye kamba.

"Lusiana, yule farasi mwondoe pale, atakufa," bibi alisema bila kuinua kichwa.

"Afe tu, nyuma yake nina ngome."

"Ngome yako imelala!"

Basi ndivyo. Wiki nzima walikonyoa na kubishana, mwenye kitambaa akiandika kwenye daftari walichoafikiana. Alhamisi anakwenda gulioni, anapanda juu ya kichuguu kusaka mtandao, anayaingiza yote kwa mkupuo, ananakili majibu anarudi nayo.

Ushahidi huo. Bilali akataja jina lake la mtandaoni. "Mimi ndiye FundiMkali."

Wanawake wakageuka kumtazama. Kisha Lusiana: "Huyu ndiye anayetoa malkia asubuhi na mapema?" Boma zima likacheka.

"Chekeni. Sheria inasema kila mtu acheze peke yake. Huu ni udanganyifu!"

"Kaka, udanganyifu gani?" Domitila, mwenye kitambaa, alionekana kushangaa kwelikweli. "Sista wa misheni alinifundisha kete zinavyokwenda, hilo hakulisema. Hapa watu wakicheza bao, nani anasimama pembeni akafunga mdomo?" Akafungua daftari. "Halafu nikuulize na mimi. Michezo ishirini na tisa unacheza kama umefukuzwa na nyuki. Wa kumi na nne una akili. Nani anakuchezea?"

Akilini Bilali akamwona Mbaruku benchini, karanga mdomoni: *Hebu peleka ngome. Sasa subiri. Mwache aje.*

Domitila akageuza ukurasa. Malalamiko, kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni, jina la Bilali limepigiwa mstari. "Nilitaka kuyatuma leo. Hawa wakakataa. Wamesema niache tu, huenda maskini ana rafiki mmoja."

Walimfungashia mabibo.

Ijumaa saa sita kasoro dakika tano alikuwa kibandani, kidole juu ya neno *tuma*.

"Ehe, hiyo kompyuta umeiona?" Mbaruku aliuliza.

"Nimeiona. Ina vichwa saba." Akayafuta malalamiko. Kisha akafungua mchezo wa kumi na nne, akabonyeza kukubali kushindwa. Dodoma ikaondoka hivyo, kwa kidole kimoja.

Mbaruku aliruka. "Umefanya nini? Ule si tulikuwa tunashinda!"

"Ndiyo tatizo lenyewe. Kaa chini, leta karanga."

Alhamisi iliyofuata Bilali aliangalia tena saa ya ukutani. Michezo ishirini na tisa, dakika kumi na mbili kama kawaida. Lakini kwenye mchezo wa tatu farasi alikuwa ameachwa palepale pa kufa, na safari hii nyuma yake hapakuwa na ngome.

Bilali hakumla. Alikunja uso, akaanza kuandika ujumbe: *Bibi yuko wapi? Anaumwa?*