Manowari Ukutani mwa Matilda

Mwaka wa hamsini na nne, mgahawa wa Matilda pale Ipogolo ulisifika kwa maandazi yake na kwa manowari zake. Manowari zenyewe zilikuwa picha ndogo za rangi za meli za vita, zile zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara kabla ya vita. Mumewe, Kasian, alirudi nazo kutoka Keya, jeshi la Mwingereza. Alipewa na Mzungu mmoja huko kisiwani Seloni. Matilda alizibandika ukutani, na wateja wakiuliza, alinyoosha kidole kwenye ile yenye mizinga mikubwa kuliko zote.

"Hiyo ndiyo iliyompeleka mume wangu vitani Bama."

Kasian akisikia alikohoa tu, akaendelea kupasua kuni.

Asubuhi moja ya baridi akaingia Isihaka, dereva wa lori aliyekuwa akipeleka mzigo Mbeya. Matilda akamwonyesha picha, kama ilivyo desturi yake. Isihaka akacheka hadi chai ikamwagika.

"Mama, mimi nami nilikuwa Keya. Hiyo ni ya kupigana, haipakii askari wa miguu. Sisi tulishindiliwa kwenye meli ya mizigo, inanuka ngozi za ng'ombe!"

Uso ulimwiva Matilda. Miaka yote hiyo akiwasimulia watu! Akamgeukia Kasian, aliyesimama mlangoni na kuni mikononi.

"Ni kweli?"

"Kweli. Mimi sikusema ni hiyo. Ulisema wewe, ukafurahi, nikakuacha."

Matilda alitaka kumfokea, lakini mgeni yupo. Akavuta kigoda.

"Basi nisimulie hiyo yenu."

Kasian akatua kuni, akaketi karibu na Isihaka. Alianza polepole: joto la kule chini, watu kutapikiana, maji yenye ladha ya mafuta. Kisha akamtaja Jailos wa Kalenga, aliyekufa kwa homa safarini, akashonewa ndani ya blanketi na kutoswa baharini. Padri hakuwapo. Kasian ndiye aliyemsalia.

Matilda alimfahamu mama yake Jailos. "Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie mwanawe hana kaburi?"

"Mwambie alisaliwa."

Jumapili, baada ya misa, walikwenda Kalenga wote wawili. Mama yake Jailos, bibi kizee sasa, alimsikiliza Kasian hadi mwisho, mikono mapajani.

"Ulimsalia kwa lugha gani?"

"Kwa Kihehe, mama. Nilisali Baba Yetu."

Machozi yakamtiririka bibi bila sauti. Kisha akajifuta kwa upande wa kitenge, akainuka kuwasha moto, akawaambia wasiondoke kabla hawajala.