Piesi Tupu Upande Mumoja

Miye na Yolande, bibi ya kaka yangu, tunachoma samaki kwa tanuru moja hapa Nchelenge, mwaka wa ine sasa. Mutu akikuambia tunapendana, mucheke. Samaki yangu anaiweka kwenye moshi mubaya, kisha anauliza kwa nini wateja wa Mansa wananikimbia. Nilitaka tanuru yangu mwenyewe, mbali na macho yake.

Mwezi huu, ndani ya chenji, nilipata piesi, sarafu ya kwacha moja. Mbele iko na picha, nyuma ni chuma tupu, laini kabisa. Nilituma foto kwa Lombe, mutu wa Mansa anayenunua makuta, pesa yenye makosa ya kiwanda.

Alinipigia simu palepale. "Ba Delphine, kama mashine njo ilikosea, nalipa kwacha elfu tatu. Kama mutu aliparua picha na tupa ya chuma, hata ngwee silipi. Jumamosi nakuja kuiona."

Elfu tatu ni matofali, mabati na fundi. Nilimuonyesha Yolande ile piesi makusudi, imuume, nikairudisha ndani ya kopo ya chumvi mbele ya macho yake. Nilimwambia Lombe anakuja Jumamosi kuinunua, na wiki ijayo atabaki na moshi wake peke yake. Aliinama kugeuza samaki, na miye nikafurahi.

Jumamosi Lombe alishuka kwenye minibasi, akatoa lenzi yake. Nilifungua kopo. Piesi ilikuwa inang'aa kama sufuria ya arusi.

Lombe aliigeuza mara mbili tu. "Nani aliisugua? Ule ulaini wa nyuma njo ulikuwa ushahidi. Sasa ni mikwaruzo pande zote, sawa kazi ya tupa. Hakuna mutu ataniamini nikiiuza." Akanirudishia, akaenda kutafuta minibasi ya kurudi.

Nilimugeukia Yolande. Nilimwita mulozi, nilimwita nyoka, nilimuuliza tanuru yangu ingemupunguzia nini.

Alikuwa analia kwa hasira. "Niliisugua na majivu na muchanga wa ziwa, vile tunasuguaga sufuria mugeni akikuja. Ilikuwa inanuka samaki, Delphine. Niliogopa atakulipa nusu. Nilitaka akulipe yote, utoke hapa leoleo."

Nilimuamini, na hiyo njo iliniuma zaidi. Nchelenge yote, hakuna mutu alitaka nipate ile makuta kumupita yeye.