Mshono Chini ya Siti

Kwa miaka miwili ukweni walimwita Mzembe, naye aliitika huku akimeza uchungu wake. Alikuwa fundi cherehani, mtu asiyeacha hata sindano ovyo, lakini siku baiskeli yake ya milimani ilipoibwa uani, shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliapa kwamba aliiona asubuhi ile haina kufuli. Mumewe akamwamini mdogo wake, na jina likaganda.

Sasa mumewe alikuwa amelainika. Alikubali anunue nyingine ya kuzunguka nayo vijia vya msituni, ila aende dukani na shemeji. Pale nyumbani huyo ndiye Injinia, mjuzi wa kila chenye magurudumu.

Mwenye duka alikuwa safarini, kwenye kaunta amekaa mkewe. Akawatolea baiskeli mbili: nyekundu mpya, pedali bado zimefungwa plastiki, na nyeusi iliyotumika, rangi imerudiwa, gia zake laini.

"Shemeji, hiyo nyeusi achana nayo," Injinia alisema kabla hajaulizwa. "Mtumba hujui umetoka kwa nani. Chukua mpya."

"Mimi natembea tu msituni, sishindani na mtu."

"Kwa njia zile nyeusi inamtosha kabisa," alisema mke wa mwenye duka.

"Mpya," Injinia alikazia, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, ingawa feni ilikuwa inazunguka.

Fundi akapanda ile nyeusi kuijaribu. Chini ya paja la kushoto akahisi fundo dogo, gumu, lile alilolikalia mwaka mzima kabla ya wizi akalizoea. Akashuka, akainua kifuniko cha siti. Ngozi iliyochanika ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa zambarau, ule uliobaki kwenye gauni la mama mkwe, na kila kona imerudiwa mara tatu. Ndivyo anavyoshona yeye.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Alitamani kumtwanga Injinia kwa pampu iliyoning'inia ukutani. Lakini alijua angeruka kimanga, na mumewe angemwamini tena. Akarudisha kifuniko taratibu.

Injinia akatoka nje, eti anapigiwa simu.

"Hii nani aliwaletea?" fundi aliuliza.

"Karatasi yake ipo. Anayetuuzia anasaini, anayenunua anaondoka nayo."

Ilikuwa na jina, sahihi, na tarehe ya siku mbili baada ya wizi. Fundi aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye pochi.

"Nachukua nyeusi," alimwambia Injinia aliporudi. Kununua mali yake mwenyewe kulimchoma, lakini alitabasamu. "Umenitisha na mtumba, shemeji, ila roho imeipenda."

Jumapili, ukoo mzima ulipokuwa uani umemaliza kula, aliisukuma baiskeli mpaka mbele ya mama mkwe, akavua kifuniko.

"Mama, uzi huu unaukumbuka?"

Mama mkwe aliinama, akaangalia siti, kisha upindo wa gauni alilovaa. Fundi akamgeukia Injinia na karatasi mkononi.

"Shemeji, wewe ndiye mjuzi wetu. Tusomee aliyeiuza ni nani."

Injinia aliifungua. Akaanza kuikunja tena.

"Soma," alisema mama mkwe.

Akasoma tarehe. Akasoma aina ya baiskeli. Alipofika kwenye jina akasimama.

"Soma," alisema mume wa fundi, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Akasoma jina alilopewa na mama yake, chini chini, macho kwenye karatasi. Fundi alidhani angelia siku hii ikifika, au angetukana. Badala yake alivuta kiti, akakaa, akakunja mikono. Alikuwa na raha ambayo hakuionea aibu.

"Sikusikia vizuri, shemeji," alisema. "Rudia."

Alimfanya arudie mara tatu.