Nimeligusa Mimi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Verna Kostiuk ilikuwa kinyume: mwezi wa kumi na nne tangu apandikizwe ini kule Edmonton, Kanada, na bado kila aliposhika jembe walimpokonya. Dada yake Joyce alimbebea hata kikombe cha chai. Kliniki walimpa fomu ya maswali: unalala? Unapanda ngazi? Akajaza vizuri, vizuri sana. Hakuna aliyemuuliza kama watu bado wanathubutu kugombana naye.

Majira yote ya baridi timu yao ya kutelezesha mawe kwenye barafu ilimweka kuandika matokeo ubaoni. Siku ya fainali Doreen akateguka kifundo cha mguu, ikabidi Verna apewe ufagio wa kusugulia barafu.

"Polepole, mdogo wangu," Joyce akamwonya. "Ini la watu hilo."

"Ini langu. Sukuma jiwe."

Lilikuwa jiwe la mwisho, na kombe lilitegemea hilo. Joyce akaliachia liteleze kwenye barafu. Verna akakimbia mbele ya jiwe akiisugua barafu ili lifike mbali. Moyo ulimdunda kwa raha aliyokuwa ameisahau. Lakini mikono ilitetemeka, kama ilivyotetemeka kila siku tangu aanze vile vidonge vya kuufanya mwili usilikatae ini. Kabla ya mstari wa mbali, ufagio ukaligusa jiwe.

Katika mchezo huo hakuna wa kupuliza filimbi. Aliyegusa husema mwenyewe, na jiwe lake huondolewa. Verna akainua macho. Mzee Halvorson wa timu pinzani, aliyekuwa amesimama pembeni hatua tatu tu, aliona. Kisha akageuza uso.

"Endelea!" Joyce akapiga kelele.

Verna akatanguliza mguu, akalisimamisha jiwe. "Nimeligusa mimi."

Akamgeukia Halvorson.

"Mzee, ulikuwa unaangalia nini?"

"Dari," Halvorson akasema, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Angegusa Joyce je?"

"Joyce? Ningepiga ukunga mpaka mji wa Regina wanisikie."

"Basi na mimi nipigie."

Mzee akakohoa. Akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu Verna atoke hospitali. "Umeligusa, Kostiuk! Toa jiwe lako, mwizi we!"

Verna akalisukuma nje huku akicheka, machozi yakimlengalenga. Kombe likaenda kwa wenzao.

Mezani, mbele ya sahani ya perogi zilizojazwa viazi, Joyce alikuwa amefura. "Miaka kumi na moja tunalisaka kombe lile! Mzee wa watu kakuonea huruma, wewe unajitia shujaa. Doreen analia kule chooni. Nenda kawaombe radhi."

"Unanigombeza, dada?"

"Nakugombeza, ndiyo! Na ungekuwa karibu ningekuzaba kofi!"

Verna akasogeza kiti chake karibu, akachukua perogi kwenye sahani ya dada yake.

"Siombi radhi," akasema.