Ndege ya Randi Mia Tisa

Mimi ni fundi wa nguo hapa Yeoville, na sipendi kulaumiwa kwa sababu mshono wangu ni imara kupita kiasi. Mtu wa kwanza kunilaumu hivyo alikuwa Injinia Simiyu, Mkenya wa Sandton, na alinilaumu akiwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Alinijua kupitia mke wake, Keziah, ambaye namshonea magauni ya kanisani. Kampuni anakofanya kazi Simiyu inauza makombora ya kutungua droni, na wageni wakija kutazama, lazima iwepo droni ya kutunguliwa. Wao walileta injini na vijiti. Mimi nilivisha mabawa kwa kitambaa cha miavuli, randi mia tisa kwa moja.

"Miye minashona za kuangushwa tu, Injinia," nilimwambia siku ya kwanza. "Moja ikienda kuua batu, miye na weye basi."

"Za kuangushwa tu, Mama Sagesse. Haki ya Mungu."

Sikuwa natania. Mama yangu yuko kwetu Uvira, kwenye vita. Tukiongea kwenye simu, mara nyingine ananikatiza: "Ngoja, kale kadudu kanapita tena," yaani droni, halafu namsikia akijikokota chini ya kitanda na miaka yake sabini na moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Nilikuwa naogopa jambo moja tu, kwamba kazi ya mikono yangu itapita juu ya ile nyumba.

Siku ya maonyesho walinipeleka kwenye uwanja wa majaribio, mwendo wa saa mbili kutoka mjini, nikae nyuma ya hema na sindano yangu endapo upepo ungechana kitu. Wageni walikuwa sita, wa nchi ambayo sikutajiwa, wakiongozwa na kanali mwenye tumbo la heshima. Droni yangu ikapaa, ikinguruma kama cherehani kuukuu. Kombora la kwanza likaruka, likapasuka ubavuni mwake hadi meno yangu yakagongana. Moshi ulipotawanyika, droni ilikuwa inaendelea na safari zake.

La pili likapasuka. Droni ikayumba kidogo, ikajiweka sawa. La tatu hata halikuikaribia. Mafuta yalipokwisha ikatua yenyewe, kwa adabu kabisa, karibu na meza ya vitafunio.

Simiyu akaja mbio. "Mama Sagesse, umefanya nini?"

Nikageuza bawa. Lilikuwa na matundu kumi na moja, na hakuna hata moja lililoendelea kuchanika. Nilikuwa nimelipiga mshono wa kurudia, miraba miraba, kama ninavyowapigia wanawake wa kwaya yetu, maana wale hawachezi kidogo. Vipande vya chuma viliingia huku vikatokea kule.

"Eish! Milioni saba na nusu zimeenda hewani," Simiyu akasema. "Juu ya mwavuli!"

Nilijaribu kusikitika nikashindwa. Nakiri, kichwa kilinivimba.

Kanali naye akaja, akaizunguka droni mara mbili, akauliza kwa Kifaransa nani kaishona. Nikasema mimi.

"Nataka mia tano," akasema. "Mabomu tutafunga wenyewe."

Fahari yote ikaniishia palepale. "Za kuangushwa ni randi mia tisa, mon colonel," nikamjibu. "Za kuangushia watu ni milioni mbili na nusu kila moja, bei ya kombora."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaniacha, akamgeukia mkubwa wa kampuni, akaomba hiyo moja iwe sampuli, mafundi wa kwao wataiiga. Mkubwa, ambaye siku hiyo angetoa hata hema, akasema aichukue, ni zawadi. Nikamtazama Simiyu, mtu wa haki ya Mungu, naye akatazama viatu vyake.

"Basi nizibe matundu kwanza," nikasema. "Hatumpi mgeni nguo iliyotoboka."

Wakapenda hilo. Nikaletewa kiti.

Nilishona saa nzima. Kanali alivisifu viraka vyangu, na kweli vilikuwa vizuri. Ambacho hakukiona ni wembe. Nilifumua ule mshono wa kurudia ulioshika bawa la kulia kwenye kijiti chake, nikaweka mshono wa kushikiza, ule wa hatua ndefu tunaouweka nguo ikisubiri kujaribiwa. Uzi ni uleule, rangi ileile. Ukiushika mkononi hauna neno, ila upepo ukiuvuta unaachia wote.

Simiyu aliuona. Mwanamume aliyemsubiri mkewe kwa fundi miaka minne anaujua mshono wa kushikiza. Akakohoa, akasogea, akasimama katikati yangu na kanali.

Wiki tatu baadaye alinipigia kutoka kazini, akinong'ona na kucheka kwa pamoja. Kanali alikuwa amewakusanya wakubwa wake wote jukwaani. Droni ikapaa, bawa la kulia likachomoka kama soksi, na vilivyobaki vikawaangukia kwenye keki.

"Wamesema ni takataka," Simiyu akasema. "Sasa wanaagiza makombora yetu arobaini. Wanaamini yale matatu yaliipata kweli, ila ilichelewa tu kufa."

"Na mimi?"

"Mkubwa anasema uendelee. Lakini upunguze mshono."

Jioni mama akapiga simu. Nikamuuliza habari za kale kadudu, akasema leo kimya. Akaniuliza siku hizi nashona nini. Nikamwambia kuna bwana mmoja mkubwa alichukua kazi yangu, ikamchanikia mbele ya watu.

"Clémentine! Miye nilikufundisha vile? Mushono wa kurudia uko wapi?"

"Niliufumua, mama."

"Aibu gani hii! Umuombe ule baba musamaha!"

Alinigombeza dakika kumi nzima, akiwa amekaa juu ya kitanda, na mimi nikamwacha aendelee.