Mita Sitini kwa Sekunde

Wachuka alikuwa na digrii ya uhandisi wa mitambo na saiba, duka la intaneti lenye kompyuta nne, pale Bahati, na kati ya hivyo viwili ni saiba iliyomlisha. Asubuhi aliwajazia watu fomu za serikali na kuwachapia barua za kuomba kazi. Baada ya saa nane mchana, wateja wakipungua, yeye na binamu yake Ndegwa walirusha roketi.

Ndegwa alifundisha fizikia kwa mkataba katika shule moja mjini Nakuru, na siku ambazo hakuwa na vipindi vya mchana alipanda huku. Yeye ndiye aliyeleta mchezo wa kompyuta wa kuunda na kurusha roketi. Ulivyokuja ulikuwa mwepesi. Siku ya kwanza tu Ndegwa aliweka chombo kwenye obiti, kikaizunguka sayari bila kuanguka, naye akajipigia makofi.

Wachuka ndiye aliyeiharibu raha hiyo. "Hii sayari imepunguzwa mara kumi," alisema. "Hapa bado hujaenda mahali."

Akaweka mod, zile nyongeza ambazo wachezaji hutengeneza na kugawiana, zinazorudisha mambo yalivyo kweli: dunia yenye ukubwa wake, hewa yenye nguvu zake, injini ambazo zikizimika haziwaki tena. Sasa ili usianguke ulihitaji karibu kilomita nane kwa kila sekunde moja.

Walianguka miezi kumi na mitatu. Roketi walizirushia pwani, karibu na ikweta, ambako dunia inavyozunguka hukuongezea kasi ya bure. Mara roketi ilipinda mapema, hewa ikaivunja katikati. Mara ilichelewa kupinda, ikamaliza mafuta ikishindana na uzito wake. Kila jaribio Wachuka aliliandika kwenye daftari: pembe, sekunde, kosa. Ndegwa hakuandika. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akiuliza maswali na kutania. Wachuka hakuona ubaya. Ukweli ni kwamba bila mtu wa kucheka naye, angekuwa ameacha kwenye jaribio la kumi.

Jaribio la sitini na nne lilikosa mita sitini kwa sekunde. Sitini tu, kati ya karibu elfu nane.

Wiki hiyo Ndegwa alimwambia kwamba kuna kampuni ya satelaiti Nairobi inachukua vijana wa kufunza kazi, na kila anayeomba anawasilisha mradi mmoja.

"Wacha niwapelekee roketi yetu," alisema. "Naandika majina yetu mawili. Nikiingia, nakuvuta."

"Na haijafika?"

"Itafika."

Wachuka alimpa faili. Kurasa za daftari alizipiga picha yeye mwenyewe, moja moja, akihakikisha mwandiko unasomeka.

Simu iliingia siku ya Alhamisi, saa tisa kasorobo mchana. Ndegwa aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesimama kwenye korido.

"Wachuka, nijibu haraka. Zile roketi ndogo pembeni ya kipande cha pili, tuliweka za nini?"

"Uko wapi?"

"Kwa interview. Nimeomba kutoka nikunywe maji. Za nini?"

Angeweza kukata simu na baadaye kusingizia network. Lakini jibu alilijua, na tangu ahitimu hakuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza swali la uhandisi.

"Kipande cha kwanza kikizimika, hakuna kitu kinasukuma," alisema. "Mafuta yanaelea ndani ya tangi. Ukiwasha injini saa hiyo inavuta mvuke, inakufa, na haiwaki tena. Zile ndogo zinasukuma roketi mbele sekunde tatu, mafuta yanarudi chini kwa mfereji, ndio unawasha."

"Halafu zinaenda wapi?"

"Zinakaa tu hapo," alisema Wachuka.

"Poa sana. Umeniokoa." Simu ikakatika.

Zinakaa tu hapo. Maganda manne ya chuma, matupu, yakibebwa hadi mwisho kama abiria wasio na kazi. Alikuwa ameyatazama miezi mingi bila kuyaona. Alifungua mchezo, akayafunga maganda kwa vishikizo vya kuachilia, akarusha.

Mama mmoja alikuwa ameketi karibu na mashine akingoja kuchapiwa programu ya mazishi, kijitabu cha ratiba. Wachuka alimwomba dakika kumi. Kipande cha kwanza kilizimika, roketi ndogo zikawaka, injini ya pili ikashika, na yale maganda yakadondoka nyuma, moja baada ya jingine. Namba ya kasi ilipanda, ikapita pale ilipokuwa ikifia kila mara, ikaendelea. Alipozima injini, mstari wa njia yake kwenye kioo ulikuwa umeizunguka dunia nzima na kujifunga.

"Imefika," alisema kwa sauti.

"Imefika wapi?" mama aliuliza.

"Juu. Haitaanguka tena."

"Ni sawa," mama alisema. "Ile picha ya marehemu iwe ukurasa wa mbele."

Kabla ya kuichapa hiyo programu, Wachuka alipiga picha kioo cha kompyuta na kumtumia Ndegwa. Alikuwa na furaha, na hakuna mwingine ambaye angeielewa.

Wiki tatu baadaye aliiona picha hiyo kwenye ukurasa wa kampuni. Pembeni ya kioo ulionekana mwakisiko wa tangazo lake la picha, PASSPORT HAPA, herufi zimegeuka. Chini waliandika kwamba Ndegwa, mwanafunzi wao mpya, alifika obiti peke yake baada ya mwaka mzima wa kazi.

Sherehe ya kumuaga Ndegwa ilifanywa kijijini Kabazi, kwa mama yake, Nyakio, ambaye Wachuka humwita Tata, yaani shangazi. Pasta aliomba, watu wakala mukimo wa viazi na mahindi, na Tata akamshika Wachuka mkono mbele ya wageni. "Na wewe unajua kompyuta kidogo," alisema. "Mwambie Ndegwa akufundishe hizi vitu."

Ndegwa alisikia. Alijishughulisha na chai yake.

Wachuka alimfuata nyuma ya stoo ya viazi.

"Uliandika majina mawili?"

"Fomu ilikuwa na nafasi ya moja."

"Na mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Wangeuliza mbona huyo mwingine hakuomba. Ningesema nini? Ako na saiba Bahati?"

"Sikuomba kwa sababu ulisema utanivuta."

"Na nitakuvuta. Nipe mwaka."

Alisema hivyo kwa upole, macho makavu, na Wachuka akaona kwamba anayaamini kabisa maneno yake. Hapo ndipo alipoumia zaidi.

Aliiandikia kampuni. Aliambatisha daftari lote, majaribio sitini na matano, pamoja na tarehe. Jibu lilikuja baada ya siku nane, mistari miwili: kwamba nafasi haikutolewa kwa sababu ya mradi bali kwa usaili, na kwamba Bwana Ndegwa aliyajibu maswali yote ya kiufundi kwa ufasaha.

Nakala walimpelekea Ndegwa, naye akamwonyesha mama yake. Jumatatu Tata alishuka Bahati, akaingia saiba bila salamu.

"Ulitaka mtoto wangu afukuzwe?"

"Hapana, Tata. Nilitaka jina langu liandikwe."

"Kwa kitu gani? Hiyo roketi iko wapi, nione."

"Iko kwa kompyuta."

"Ni mchezo?"

Wachuka alitafuta neno. Angeanza na mafuta yanayoelea, au na maganda manne, au na zile mita sitini.

"Ni mchezo," alisema.

"Basi umetugawanya kwa sababu ya mchezo." Tata alifunga leso yake vizuri, akatoka.

Mlangoni alipishana na kijana aliyeshika bahasha, aliyetaka barua ya kuomba kazi. Wachuka alimpa kiti cha plastiki, akamuuliza jina lake kamili, akaanza kuchapa.