Kadi ya Chui

Wengine huomba kompyuta zao zisiharibike. Kitinda aliomba yake iharibike kabla ya Jumamosi, na kwa muda mrefu mashine ile haikumwangusha.

Jina hilo alilipata kwa kuwa kitindamimba wa nyumba ya watoto wawili. Wa kwanza alikuwa kaka yake, Kaka Waya, ambaye tangu utotoni hakuna redio nyumbani kwao iliyosalimika mikononi mwake. Ndiye aliyemuundia kompyuta hiyo kabla ya kwenda kufanya kazi ng'ambo. Alikaza kila skrubu mwenyewe, na ndani akaweka kadi ya picha, kile kifaa kinachochora kila kinachoonekana kwenye skrini, ya chapa ya Tai. Kwa Kaka Waya, Tai ilikuwa karibu na dini.

"Siku ukiweka chapa nyingine, usinijue," alisema akicheka, kisha akaondoka. Mwaka uliofuata mama yao akafariki. Kitinda akabaki na vyumba viwili, meza moja, na Tai.

Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba ambazo hazijajengwa. Mkandarasi alimletea ramani, naye akaigeuza picha: jua likaingia dirishani, kapeti likatandikwa, vikombe vikakaa mezani. Wateja walimsifu kwa jambo moja, kwamba hakuacha chumba kitupu. Kila sebule aliijaza watu waliokaa wakiongea. Yeye mwenyewe aliweza kumaliza siku tatu bila kufungua mdomo, ila kumwambia mwenye duka asante.

Kadi ilipoanza kuchoka, skrini ikawa inazima katikati ya kazi, na hata ikiwashwa upya haikuvumilia kuchora. Alimwandikia kaka yake maneno mawili, "Imezima tena," na Jumamosi mchana simu ikalia. Kaka Waya aliingia ndani ya kompyuta kwa mtandao akiwa huko huko aliko. Kitinda aliketi akiangalia mshale wa skrini ukitembea peke yake, ukifungua hiki na kufunga kile, kama mtu wa nyumbani anayezunguka vyumbani akitafuta viatu vyake.

"Umekula?" kaka aliuliza.

"Nimekula."

"Muongo. Nasikia tumbo lako mpaka huku."

"Hiyo ni feni, kaka."

"Basi feni yako ina njaa."

Walicheka. Baada ya saa moja alisema, "Haya, imepona," akakata. Wiki mbili kompyuta ikakaa salama, na wiki mbili simu ikakaa kimya. Ikazima, simu ikalia. Kitinda hakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Kufikia mwaka wa pili alishaijua dawa. Ilikuwa kufuta programu inayoendesha kadi na kuiweka upya, kazi ya dakika ishirini. Hakuifanya. Ikizima Jumatano, aliiacha hivyo hadi Jumamosi, akakaa mbele ya skrini nyeusi akiutazama uso wake mwenyewe.

Safari hii mkandarasi alikuja juu.

"Tangu Jumatano, dada? Mteja wangu anataka kuona nyumba, hataki kusikia habari za skrini. Jumatatu asubuhi nisipopata picha, kazi zangu zote nampa mwingine."

Ijumaa akaibeba kompyuta hadi kwa fundi wa mtaa wa pili, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi. Fundi alihangaika na kifuniko mpaka jasho likamtoka.

"Nani alikaza hivi? Huyu alikuwa anaunda kompyuta au anafunga kaburi?"

"Kaka yangu."

"Mpe pole zangu. Kadi imekwisha, mwanangu. Joto limeila. Unaweza kuitibu leo, kesho itazima tena. Tai sina. Nina Chui."

"Kaka hatakubali."

Fundi alivaa miwani ili amwone vizuri. "Kaka yako ndiye anayechora?"

Kitinda akatoa pesa. Fundi akaifunga Chui kwenye mfuko na kumpa masharti: kwanza afute programu za Tai zote, asibakize hata chembe, maana za chapa mbili zikikutana ndani ya mashine moja zitagombana kama wake wenza. Alijitolea kuifanya kazi yeye. Kitinda alikataa. Kama ni kuing'oa Tai, aliona heri mkono uwe wake.

Jumamosi asubuhi akapiga moyo konde. Akafuta programu, akazima umeme, akaanza na zile skrubu. Kucha mbili zilikatika. Tai ikatoka na vumbi lake, nzito kuliko alivyodhani, akailaza juu ya taulo. Akaisukuma Chui mahali pake hadi kibano kikalia. Akarudisha waya zote na kuwasha.

Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Moyo wake ukaruka kwa furaha, naye akaona haya papo hapo. Hii ilikuwa hitilafu ya kweli, hakuiacha makusudi, na mchana wa Jumamosi ulikuwa unakaribia. Akachukua simu. Alipoinama kusoma namba zilizoandikwa nyuma ya kompyuta, akijua kaka ataziuliza, akaliona kosa. Waya wa skrini alikuwa ameuchomeka tundu la juu, la ubao mkuu, badala ya tundu la kadi.

Akasimama na simu mkononi. Angeweza kuuacha. Kaka angeanza na maswali yake, taa ipi inawaka, feni ipi inazunguka, na ingechukua saa nzima, labda mbili, kabla hajafika kwenye waya. Saa mbili za sauti ya mtu ndani ya nyumba.

Akauchomoa, akauchomeka panapostahili.

Skrini ikawaka, akaweka programu za Chui. Picha ya sebule ya mkandarasi, ambayo Tai ingeihangaikia nusu siku, ilikamilika kabla hajamaliza kuosha vyombo. Akaituma. Baada ya hapo chumba kikanyamaza kabisa. Hata feni ya Chui haikusikika. Mchana ukafika na simu haikulia, kwa sababu hakuwa ameandika kitu. Saa tisa akapiga mwenyewe.

"Imezima tena?" kaka aliuliza.

"Haijazima."

"Sasa vipi?"

"Nimekupigia tu."

"Kuna msiba?"

"Mpaka kuwe na msiba?"

"Hapana, ila... Ngoja niingie niiangalie kidogo, maadamu tuko hewani."

Alimwacha aingie. Mshale ukatembea, ukafungua, ukasimama.

"Kitinda. Hiki ni nini?"

"Chui."

"Nani kaiweka?"

"Mimi."

"Umeing'oa Tai bila hata kuniuliza? Mashine niliyoikaza kwa mikono yangu?"

"Naijua hiyo mikazo. Imenila kucha mbili."

Alisikia kaka akikaribia kucheka, kisha akijizuia. "Si utani. Umenivunjia heshima. Mimi ni mkubwa wako. Sema samahani, yaishe."

"Kaka, ile kadi nilijua kuitibu tangu mwaka jana."

"Unasema?"

"Nilijua. Nilikaa na skrini nyeusi siku tatu, siku nne, nikikungoja, kwa sababu ikiwa nzima hunipigii. Nusura nipoteze kazi. Unaijulia hali kompyuta, mimi hunijulii."

Mshale haukutikisika.

"Ungesema," kaka alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Nimesema leo."

"Sawa. Nimesikia." Akakohoa. "Lakini hata hivyo, mdogo wangu, kwa hili la kadi, neno moja tu la samahani..."

"Siombi."

"Kitinda."

"Kwa kadi siombi, na kwa kukupigia bila sababu siombi. Kasirika ukitaka, kaka, lakini usikate simu. Samahani huipati."